Joe Louis mbele ya Ali na Foreman: nani angeanguka?

Hapa kwetu mtu akitaja mchezo wa ngumi, mara moja watu wanataja Muhammad Ali na George Foreman, juu hao wawili walipigana Kinshasa, usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, katika uwanja wa 20 Mai ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Hata sisi ambao tulikuwa hatujazaliwa tunajua yote: Ali anaegemea kamba, Foreman anapiga mpaka anachoka, na katika raundi ya 8 Foreman yuko chini. Mabishano ya internat yanaanzia pale na yanaishia pale. Leo tunawaletea mtu aliyekuwa shampioni wa dunia mbele ya hao wote, ambaye wengi wanamtupa upesi eti ni wa zamani na mwili wake ulikuwa mdogo. Ni Joe Louis. Tuone kwanza maisha yake, kisha tubishane vizuri.

Joe Louis Barrow alizaliwa tarehe 13 Mei 1914 katika Alabama, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walilima pamba katika mashamba ya watu wengine. Baba alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili wakati Joe alikuwa mtoto mdogo, na mama yake, Lillie, mkristo wa kanisa la Batiste, alibaki na watoto 8. Baadaye mama akaolewa tena, na mwaka 1926 jamaa yote ikahamia Detroit, mji wa viwanda vya magari. Mama alitaka mtoto wake ajifunze kupiga violoni, akamtolea makuta ya masomo. Joe akayapeleka kule vijana walikokuwa wakijifunza ngumi. (Wadogo wa mwaka wa kwanza, msifanye hivyo na makuta ya minervali!)

Mwaka 1932 alipanda ulingoni mara ya kwanza kama mchezaji wa bure, akaangushwa mara nyingi, akashindwa. Lakini tarehe 4 Julai 1934 alianza kupigana kwa mshahara, na toka siku ile akawa anashinda tu. Mwalimu wake Jack Blackburn, aliyekuwa mpiga ngumi wa zamani, alimfundisha kitu kimoja ambacho kitatusaidia mbele: ngumi fupi. Ngumi ya Joe Louis haikuzunguka mbali. Ilitoka karibu, ikaenda sawasawa, na nyingine ikafuata palepale.

Tusisahau kwamba toka mwaka 1915, Jack Johnson aliponyang'anywa ushampioni, hakuna mtu mweusi aliyepewa nafasi ya kuutafuta katika uzito wa juu kwa muda wa miaka 22. Wakubwa wa Joe Louis walimwekea sheria: asimcheke mzungu aliyeanguka, asipigwe picha na wanawake wazungu, asijivune. Ndiyo maana katika picha zake uso uko kimya kama wa mtu anayesikiliza mahubiri.

Tarehe 19 Juni 1936 Mdachi Max Schmeling alimwangusha kwa K.O. katika raundi ya 12. Schmeling alikuwa ameangalia filamu na kuona kosa: Louis akishapiga mkono wa kushoto, anaurudisha chini, na uso unabaki wazi. Akangojea pale na mkono wa kuume. Weusi wa Marekani walilia mabarabarani usiku ule. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Juni 1937, Louis alimpiga James Braddock kule Chicago akawa shampioni, lakini hakuona raha mpaka ampate Schmeling tena. Akampata tarehe 22 Juni 1938 kule New York, mbele ya watu karibu 70.000. Wakati ule serikali ya Hitler ilimtumia Schmeling kama mfano wa taifa lake, hata kama yeye mwenyewe hakuwa mtu wa chama cha Hitler. Mapigano yalimalizika kwa sekunde 124. Ndiyo, dakika mbili na kidogo.

Hapa njo tunaomba msomaji asimame kidogo. Angalieni maisha yote ya Joe Louis, mtaona ni mtu wa mara ya pili. Mwaka 1941 Billy Conn, mwepesi, mwenye kilo kama 79 tu, alimzungusha raundi 12 na alikuwa karibu kumshinda kwa pointi. Katika ya 13 Conn akataka kumaliza kwa nguvu, akakutana na K.O. Mwaka 1946 walirudiana, na Conn akaanguka katika ya 8. Desemba 1947 Jersey Joe Walcott alimwangusha Louis mara mbili, na watu wengi waliona Walcott njo alishinda, lakini waamuzi wakampa Louis. Juni 1948, K.O. katika ya 11. Mtu huyu usiku wa kwanza alikuwa anasoma, usiku wa pili anafanya mtihani.

Na usiseme mwili wake haukuweza watu wakubwa. Kweli, alikuwa na urefu wa karibu mita 1,88 na kilo 90 tu. Kwa sheria za sasa angeweza kupigana katika daraja la chini ya uzito wa juu. Lakini mwaka 1935 Primo Carnera, mwenye karibu mita 2 na kilo 118, alianguka mbele yake katika raundi ya 6, na Januari 1942 Buddy Baer, kilo 113, hakumaliza hata raundi ya kwanza. Mwaka 2024 Oleksandr Usyk, aliyetoka katika daraja lilelile la chini, alimshinda Tyson Fury mara mbili, na Fury alimzidi zaidi ya kilo 15. Kilo peke yake hazipigi mtu.

Basi, angefanya nini mbele ya watu wa nyuma? Kwa Joe Frazier hatuoni shida: Frazier alikuja mbele siku zote, kichwa mbele, na mtu anayekuja mwenyewe njo Louis alimpenda zaidi. Foreman wa 1973, aliyemwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili, ni hatari, juu Louis aliangushwa hata na watu ambao hawakuwa na nguvu ile. Lakini ngumi za Foreman zilizunguka mbali, za Louis zilikuwa fupi. Fupi inafika kwanza. Tunampa Louis, lakini hatungeweka makuta yetu pale.

Ali ni neno lingine. Ali wa 1966 alikuwa na miguu ya Conn katika mwili wa mita 1,91, na kichwa chake kilikuwa kigumu. Usiku wa kwanza Ali anashinda kwa pointi, hatuna wasiwasi. Wafuasi wa Ali wanafikiri mambo yamekwisha pale. Sisi tunauliza juu ya usiku wa pili. Ali naye alikuwa na kosa la kushusha mikono, na mwaka 1963 Henry Cooper wa Uingereza alimwangusha kwa mkono wa kushoto. Louis angeangalia filamu sawa vile Schmeling alivyofanya. Usiku wa pili sisi tuko na Louis. Wenye kukataa, walete maandishi yao kwa toleo linalokuja.

Lakini kumbe Joe Louis alipigana kweli na watu wa nyuma yake, na si katika mabishano. Januari 1942 aliingia jeshi, jeshi ambalo bado lilitenga weusi na wazungu. Mapigano mawili ya mwaka ule, feza zake alizitoa zote kwa ajili ya jamaa za askari wa bahari na wa nchi kavu. Kisha akacheza ngumi karibu mara 100 mbele ya askari bila kulipwa. Vita ilipokwisha, watu wa kodi wakamdai, hata juu ya zile feza alizozitoa sadaka. Deni likapanda mpaka zaidi ya dola 500.000. Alikuwa ameacha ngumi mwaka 1949, baada ya kutetea ushampioni mara 25. Kodi ikamrudisha.

Tarehe 27 Septemba 1950, na miaka 36, alishindwa na Ezzard Charles kwa pointi. Tarehe 26 Oktoba 1951, na miaka 37, Rocky Marciano mwenye miaka 28 alimsukuma nje ya kamba katika raundi ya 8. Louis alimzidi Marciano zaidi ya kilo 10, lakini miguu ilikuwa imekwisha. Marciano mwenyewe alilia. Wanaosema Louis hangeweza watu wa nyuma wanaonyesha usiku ule. Sisi tunaona usiku ule unaonyesha tu hesabu ya kodi.

Baadaye alicheza hata mieleka kwa kutafuta chakula. Miaka ya mwisho alipata kazi ya kupokea wageni katika hoteli kubwa ya Las Vegas, na toka 1977 alikaa katika kiti cha magurudumu. Tarehe 11 Aprili 1981 walimsukuma mpaka karibu na ulingo, akamwona Larry Holmes akimshinda Trevor Berbick kwa raundi 15. Kesho yake akafariki, na miaka 66. Rais Reagan aliruhusu azikwe katika makaburi ya askari ya Arlington. Kati ya waliolipa gharama za maziko alikuwa Max Schmeling, ambaye toka zamani alikuwa rafiki yake na alimsaidia na feza mara nyingi. Schmeling naye alifariki mwaka 2005, na miaka 99.