Aliyetandika Mabusati ya Maua Majabalini

Mimi ni mtu wa pwani, wa asumini na vilua. Baridi ya milimani naijua kwa kusikia tu. Hata hivyo siku nyingi nimevutiwa na habari za Reginald Farrer, Mwingereza aliyeyatoa maisha yake kwa mimea midogo itambaayo juu ya mawe, mibichi mwaka mzima, ambayo ikichanua hutanda kama busati.

Farrer alizaliwa mwaka 1880, mdomo na kaakaa vimepasuka. Alipasuliwa mara nyingi, na usemi wake ulikuwa mzito kufahamika. Shule hakupelekwa, alisomeshwa nyumbani kwao Clapham, Yorkshire, penye majabali ya mawe ya chokaa. Mtoto yule mpweke akafanya urafiki na mimea, na umri wa miaka 14 alikwisha jenga bustani yake ya mawe.

Zama zile matajiri wa Uingereza walirundika mawe ovyo, kisha wakachomeka miche. Farrer aliwakejeli sana vitabuni mwake, kuanzia kile cha 1907. Alifundisha kwamba jiwe lilazwe kama lilalavyo mlimani, sehemu kubwa izikwe, na chini pawekwe kokoto maji yapite. Kwani saksifraga na jamaa zake huko kwao hulala pakavu chini ya theluji. Kiwauacho bustanini si baridi, bali ni maji kutuama shinani. Aliyepata kupanda mrehani katika kopo lisilo na tundu atanielewa.

Husimuliwa kwamba alishindilia mbegu katika bunduki akaifyatulia jabali lisilopandika. Hilo peke yake lanitosha kumpenda.

Mwaka 1914 alikwenda Gansu, Uchina, pamoja na William Purdom, akarejea na mbegu za jentiana ya samawati inayoitwa kwa jina lake. Mwaka 1919 akaenda Burma na Euan Cox. Mwenziwe akarudi kwao. Yeye akabaki milimani, mvua haikatiki. Tarehe 17 Oktoba 1920 akafariki huko, umri miaka 40, pasi na ndugu wala rafiki wa kwao, ila watumishi wenyeji.

Nyingi katika mbegu za safari ile ya mwisho hazikudumu katika bustani za Uingereza, na mimi hilo hunisikitisha kama kifo chenyewe. Lakini jentiana ya Gansu ingali yachanua huko, kila kiangazi chao kinapokwisha.