Grace Hopper na Mpango wa Vipande vya Programu

Grace Hopper alizaliwa New York mwaka 1906. Kabla ya kuingia katika kazi ya kompyuta alikuwa mwalimu wa hisabati katika Chuo cha Vassar tangu mwaka 1931, jambo ambalo sisi walimu twalitaja kwa fahari kidogo. Mwaka 1944, akiwa ofisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, alipelekwa Harvard kuiandikia programu mashine ya Mark I.

Huko yeye na wenzake walihifadhi katika madaftari vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa. Aliyehitaji kipande alikinakili kwa mkono. Hapo ndipo makosa yalipozaliwa, kwani tarakimu moja ikikosewa hesabu nzima huharibika. (Nasi tunaosahihisha madaftari twajua jinsi nakala zinavyopotoka.)

Mwaka 1949 alijiunga na kampuni ya Eckert-Mauchly, iliyokuwa ikiunda kompyuta ya UNIVAC. Mwaka 1952 akaitengenezea programu iitwayo A-0. Kila kipande kilipewa namba yake, kikawekwa katika utepe wa sumaku. Mwandishi aliorodhesha namba tu, na mashine yenyewe ikavitafuta na kuviunganisha. Wengi hawakusadiki kwamba mashine yaweza kazi hiyo.

Waandishi wa programu wa leo hugawa mafaili yao katika mafolda, kila kazi na jina lake, ili kipande kiandikwe mara moja na kiitwe popote kinapohitajika. Haja hiyo Hopper aliiona mapema.

Alistaafu jeshini mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha admirali wa ngazi ya chini (rear admiral). Alifariki tarehe 1 Januari 1992.