Kivoi Mwendwa: Mfanyabiashara wa Kitui aliyewafungulia wageni njia, akafia njiani

UKIZURU mji wa Kitui au Wote, makao makuu ya Makueni, hutatembea mbali kabla ya kukutana na kibao cha mradi. Juu kabisa pameandikwa jina la mfadhili wa ng'ambo. Chini yake lipo jina la shirika linalosimamia ruzuku. Mwishoni, mara nyingi kwa herufi ndogo, huja jina la kikundi cha wenyeji, ambacho ndicho kinachobeba mawe ya bwawa la mchanga na kujua ni boma lipi limelala njaa.

Wengi hudhani kwamba utaratibu huu wa mgeni mwenye fedha na mwenyeji mwenye njia ulianza na njaa za juzi. Labda ile ya 1961 ambayo Wakamba waliita njaa ya ndege kwa sababu chakula kilidondoshwa kutoka angani. La hasha. Ushirika wa namna hiyo uliojulikana mapema kuliko yote katika sehemu hizi ulifanywa mwaka 1849, bila karatasi wala sahihi, baina ya mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, na tajiri mmoja wa Kitui aliyeitwa Kivoi Mwendwa.

Kivoi hakuwa chifu. Wakamba wa zama hizo hawakuwa na mfalme wala mtawala wa aina hiyo. Mambo ya kijiji yaliamuliwa na wazee katika baraza lao, nzama. Mtu alipata sauti kwa mali, kwa ufasaha wa kinywa, kwa umbo la kutisha kidogo, na zaidi ya yote kwa kusadikiwa kuwa anajua uganga na kuleta mvua. Kivoi alikuwa na hayo yote. Alikuwa pia na wake wengi na watumwa wengi, jambo ambalo wanaomsifu siku hizi huliruka haraka. Hakuwa malaika. Alikuwa mfanyabiashara wa karne ya 19, na biashara ya karne hiyo ilikuwa na sura zake.

Mali yake kuu ilikuwa pembe za ndovu. Misafara ya Wakamba ilitoka Kitui ikiwa na mamia ya watu, ikapita nyika kavu hadi Rabai na Mombasa, na kurudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Upande wa pili ilivuka Mto Tana kuelekea Mbeere, Embu na nchi ya Wakikuyu. Miaka hiyo Waarabu na Waswahili wa pwani hawakuwa wakiingia bara kwa njia hiyo. Mkamba ndiye aliyekuwa mlango. Aliyetaka kuingia alipaswa kubisha.

Inafaa kueleza kidogo biashara hiyo ilitoka wapi, kwa maana ndipo linapoingia suala la njaa. Ukambani mvua huja kwa hiari yake. Ilipokosa kunyesha, watu walitoka na mbuzi, ngozi na vitu vya kuchonga wakaenda kubadilishana chakula na majirani waliojaliwa mavuno. Safari hizo za kutafuta chakula Wakamba waliziita kuthuua. Katika kwenda na kurudi, mtu alipata rafiki wa kuchanjiana damu huku na mkwe kule, na mwaka wa neema njia zile zile za kutafutia mahindi na mtama zikapitisha pembe. Wapo pia waliohama kabisa wakati wa njaa kali ya miaka ya 1830 na kujenga vijiji vya Wakamba nyuma ya Mombasa. Kwa hiyo utajiri wa Kivoi ulikaa juu ya mtandao uliojengwa na njaa. Ulikuwa mfumo wa misaada usio na afisa wala ghala, na uliotegemea neno la mtu tu.

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya kumtambulisha kutoka kwa Seyyid Said wa Zanzibar. Mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga walifariki mwaka huo huo. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walianzisha kituo Rabai. Gharama zililipwa na chama cha kimisionari cha Uingereza, Church Missionary Society, na kama ilivyo kwa kila anayetumia fedha za wengine, ilimbidi aandike ripoti. Alikuwa na ndoto ya mnyororo wa vituo kukata Afrika kutoka bahari hadi bahari. Fedha na ari alikuwa navyo, na hata lugha alikuwa anajifunza kwa kasi ya kustaajabisha. Kilichokosekana ni mtu wa bara wa kumpokea.

Tarehe 1 Novemba 1849 aliondoka Rabai na wapagazi wachache. Alipita Kikumbulyu, yaani upande wa Kibwezi katika Makueni ya leo, akavuka nyanda za Yatta na kufika nyumbani kwa Kivoi mwishoni mwa mwezi. Kivoi alimpokea kwa heshima. Alikuwa mtu aliyetembea. Alikuwa amefika hadi Uchagani na kuuona Mlima Kilimanjaro. Akamwambia mgeni wake kwamba upo mlima mwingine wenye kilele cheupe, mbele ya Kitui, ambao watu waliuita Kĩ-Nyaa. Wengi hufasiri jina hilo kuwa mlima wa mbuni, kwa jinsi weupe na weusi wake unavyofanana na manyoya ya ndege huyo. Tarehe 3 Desemba mawingu yalipasuka na Krapf akauona kwa macho yake. Aliandika jina kama alivyolisikia kutoka vinywa vya Wakamba, na tahajia hiyo ikaja kuwa jina la nchi nzima.

Wasomi wa London walimcheka. Theluji kwenye ikweta! Krapf alivumilia kejeli hizo kwa miaka mingi. Kivoi hakuulizwa na mtu.

Katika mazungumzo yale ya 1849 wawili hao walikubaliana kwamba siku nyingine Kivoi atamwongoza Krapf hadi Mto Tana na ng'ambo yake. Kila upande ulikuwa na hesabu zake. Krapf alitaka njia ya Injili, na kuujua mto ule. Kivoi alitaka pembe, na bila shaka aliona kwamba Mzungu kutoka pwani, rafiki wa wakubwa wa Zanzibar, angempandisha hadhi mbele ya wenzake. Sioni ubaya katika hilo. Ushirika ambao upande mmoja unajidai hauna maslahi yoyote ndio wa kutilia shaka.

Krapf alikwenda Ulaya mwaka 1850, akarudi na wasaidizi, na Julai 1851 akaondoka tena Rabai ili kujenga kituo Yatta. Mambo yalimwendea kombo tangu mwanzo. Majambazi waliushambulia msafara njiani, na walipofika, wapagazi waliomfuata kwa ujira wakamjengea kibanda kisichositiri chochote kisha wakamwacha. Akiwa hana watu wala ulinzi, alimkimbilia yule aliyemjua: Kivoi. Mwezi Agosti wakashika njia kuelekea Tana.

Hawakufika pamoja. Mwishoni mwa Agosti, mto ukiwa karibu, kundi kubwa la wanyang'anyi liliwazukia. Msafara ukatawanyika. Kivoi na waliokuwa karibu naye waliuawa. Krapf alifyatua bunduki hewani, akatimua mbio, akajikuta peke yake porini akiwa na kiu ya kufa. Alifika Tana na kunywa. Kisha, kwa kuwa hakuwa na kibuyu, alijaza maji katika mfuko wa darubini na katika mitutu ya bunduki yake, na kuanza kurudi kwa miguu, akitembea usiku na kujificha mchana, akila majani na mizizi.

Sehemu hiyo ya bunduki yenye maji ndiyo ambayo vitabu vya shule hupenda kuisimulia. Iliyofuata haisimuliwi sana. Krapf alipofika kwa jamaa za Kivoi, hawakumpokea kama manusura. Walimwuliza kwa nini yeye yu hai na mwenyeji wake amekufa. Kwa mila zao mgeni aliyeongozwa na mtu alistahili kumlinda mtu huyo, au kufa naye. Mtu mkubwa ameanguka, nani atajibu? Damu ya Mkamba ililipiwa kwa ng'ombe, na Krapf hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Akaona uhai wake umo hatarini, akatoroka usiku, na mwishoni mwa Septemba akawasili Rabai akiwa hoi. Katika maandishi yake jamaa hao wanaonekana kuwa watu wa chuki na ushirikina. Mimi nikiyasoma huona familia iliyofiwa, ikidai maelezo kutoka kwa mtu pekee aliyeweza kuyatoa.

Hapa msomaji anapaswa kukumbuka kwamba karibu yote tunayoyajua kuhusu Kivoi yametoka kwenye kalamu ya Krapf. Kivoi hakuacha maandishi. Kilichobaki ni ripoti ya mshirika mmoja kumhusu mwenzake aliyekufa, iliyoandikwa ili isomwe na waliotoa fedha. Yeyote aliyewahi kukaa katika ofisi ya shirika la misaada na kuandika taarifa ya robo mwaka anajua nini huingia na nini huachwa nje.

Kituo cha Yatta hakikujengwa. Krapf aliondoka Afrika Mashariki mwaka 1853 na akafariki Ujerumani mwaka 1881. Katika Ukambani, baada ya Kivoi, misafara iliendelea kwa muda, lakini wafanyabiashara wa pwani walianza kuingia bara wenyewe na mlango ukawatoka Wakamba mkononi. Njia za kuthuua zilibaki, zikatumika hadi njaa kuu ya 1898 na 1899, ile ya Ngomanisye, ilipowazidi watu nguvu.

Wageni walirudi miaka 40 baada ya kifo cha Kivoi. Mwaka 1891 Waskoti walifungua misheni Kibwezi, kwa fedha za wakurugenzi wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala sehemu hizi. Malaria iliwamaliza, na mwaka 1898 misheni hiyo ikahamishiwa Kikuyu, kwenye baridi na mashamba yenye rutuba. Wakati huo huo Walutheri kutoka Ujerumani walikuwa wamejikita Ikutha, kusini mwa Kitui, wakianza upya kutafuta wa kuwapokea.