Nikolai Vavilov: Mkusanyaji wa mbegu aliyemalizwa na njaa

Watafiti wanaochunguza jeni za nyanya wakitafuta aina zinazohimili magonjwa wanafuata njia iliyofyekwa zaidi ya karne moja iliyopita na Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea kutoka Urusi. Ni kinaya kwamba msomi huyo, aliyezunguka dunia akikusanya mbegu ili kukomesha njaa, alimalizwa na njaa.

Vavilov alizaliwa jijini Moscow mnamo 1887. Baada ya kuhitimu katika kilimo, alikwenda Uingereza mnamo 1913 kusomea urithi wa viumbe chini ya William Bateson. Mnamo 1920, akiwa profesa mjini Saratov, alitangaza kanuni iliyompa sifa: mimea ya ukoo mmoja hubadilika kwa namna zinazofanana, hivyo sifa iliyoonekana katika mmoja yaweza kutafutwa katika nduguye.

Akiongoza taasisi ya mimea mjini Leningrad, alizuru Ethiopia, Mexico na Amerika Kusini, akikusanya mbegu za mashambani pamoja na za jamaa zao wa mwituni. Kufikia 1940, hazina hiyo ilikuwa na sampuli zaidi ya 200,000.

Masaibu yake yalitokana na Trofim Lysenko, kipenzi cha Stalin, aliyeipinga elimu ya jeni. Vavilov alikataa kuikana. Alikamatwa Agosti 1940, akahukumiwa kifo mwaka uliofuata, kisha adhabu hiyo ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Alifariki katika gereza la Saratov mnamo Januari 26, 1943, mwili umedhoofika kwa njaa. Mjini Leningrad, uliokuwa umezingirwa na majeshi ya Ujerumani, baadhi ya wenzake nao walikufa njaa wakilinda mbegu ambazo wangeweza kuzila.

Serikali ilimwondolea hatia mnamo 1955. Jenomu ya kiazi, yaani jumla ya maelezo yake ya urithi, ilichapishwa mnamo 2011, na ya nyanya mwaka uliofuata. Nyanya ilipatikana kuwa na jeni zipatazo 35,000, nyingi zikiwa zimepangwa sawa na za kiazi. Hivyo, jeni yenye manufaa ikigunduliwa katika nyanya, watafiti huisaka pia katika kiazi, pilipili na biringanya. Mche nao huweza kupimwa jeni kabla haujazaa tunda, na muda wa kusubiri ukapungua.

Hata hivyo, kinga nyingi za nyanya za kisasa zilitoka kwa nyanya mwitu, na hakuna kompyuta iwezayo kurejesha mbegu iliyokwisha kupotea. Taasisi aliyoiongoza, katika jiji ambalo sasa ni Saint Petersburg, ingali inahifadhi mbegu na ina jina lake.