Maisha ya Askofu Vital, Mfungwa wa Brazil

Ndugu wakatekumeni, baadhi yenu huuliza kwa nini mtu hawezi kuwa mkatoliki na mfaramasoni pamoja. Nawaeleza basi habari za askofu mmoja aliyefungwa gerezani kwa sababu ya neno hilo.

Alizaliwa tarehe 27 Novemba 1844, kaskazini-mashariki ya Brazil, akaitwa Antônio Gonçalves de Oliveira. Alisoma katika seminari ya Olinda, kisha Paris. Mwaka 1863 aliingia utawa wa Wakapusini katika Ufaransa, akapewa jina la Vital Maria. Alipadirishwa mwaka 1868, akarudi kwao kuwafundisha waseminari wa São Paulo. Mwezi wa Machi 1872 akawekwa wakfu kuwa askofu wa Olinda, naye ana miaka 27 tu.

Aliyemteua ni Kaisari Pedro wa Pili, na Baba Mtakatifu akakubali. Msistaajabu: siku zile katika Brazil serikali iliwalipa maaskofu mishahara, na barua za Papa hazikuwa na nguvu mbele ya sheria bila ruhusa ya Kaisari. Hapo ndipo palipokuwa na mtego.

Wafaramasoni ni watu wa chama cha siri. Vyumba vyao vinne vya London viliungana mwaka 1717, na toka huko chama kikaenea katika Ulaya na Amerika. Huwakusanya watu wa dini mbalimbali kama kwamba zote ni sawa, nao huapa kutotoa siri zao. Kwa ajili ya hayo Papa Klementi wa Kumi na Mbili aliwakataza wakatoliki mwaka 1738. Lakini katika Brazil barua ile haikupata kamwe ruhusa ya serikali. Kwa hiyo wafaramasoni wengi waliendelea kwenda Misa. Hata mapadri wengine walikuwa wa chama, wala hawakuona haya.

Tena wengi wao walikuwa katika vyama vya ibada, vyenye makanisa na mali yao wenyewe. (Waafrika waliotekwa utumwani toka Kongo na Angola walikuwa nao na vyama vyao vya Bikira Maria wa Rozari, na mahali pengi walimtawaza mmoja wao, wakamwita Mfalme wa Kongo.) Mwaka 1872 wafaramasoni wa Recife walitangaza Misa ya sikukuu ya chama chao. Askofu Vital akawakataza mapadri wake wasiisome. Ndipo gazeti la wafaramasoni likachapa wazi majina ya wakubwa wa vyama vya ibada waliokuwa wa kundi lao, ili kumwonyesha kwamba hawamwogopi.

Askofu alivionya vyama hivyo, akaviomba viwatoe watu hao au wao waache kiapo chao. Vikakataa. Mwezi wa Januari 1873 akaanza kuvifungia ibada. Navyo vikapeleka mashtaka kwa serikali.

Sasa, mkubwa wa mawaziri alikuwa bwana Rio Branco, naye alikuwa pia mkuu wa wafaramasoni. Haki isemwe: ndiye aliyeleta sheria ya mwaka 1871, iliyowafanya watoto wa watumwa wazaliwe huru. Kazi ile ilikuwa njema. Lakini katika shauri hili alikuwa mwamuzi wa kesi yake mwenyewe. Serikali ikamwamuru Askofu aondoe adhabu katika muda wa mwezi mmoja. Akajibu kwamba mambo ya sakramenti si ya mawaziri.

Tarehe 2 Januari 1874 askari walikuja kumkamata. Akawatokea amevaa mavazi ya kiaskofu, kofia kichwani na fimbo mkononi, ili watu wote waone ni nani anayekamatwa. Akapelekwa kwa meli mpaka Rio de Janeiro. Mwezi wa Februari akahukumiwa miaka 4 ya kazi ngumu. Kaisari akapunguza, ikawa kifungo tu, katika boma la São João. Mwaka huohuo Askofu Macedo Costa wa Pará akahukumiwa vilevile.

Nani aliyewafungulia? Duke wa Caxias, mkubwa mpya wa mawaziri, mfaramasoni pia! Mzee huyo askari aliona kwamba nchi inaharibika kwa ugomvi huu, akamsihi Kaisari, na tarehe 17 Septemba 1875 msamaha ukatolewa.

Askofu Vital alikwenda Roma kumsalimu Papa Pio wa Tisa, kisha akarudi Recife. Lakini afya yake ilikuwa imevunjika. Alisafiri tena Ulaya, akafa katika Paris tarehe 4 Julai 1878, akiwa na miaka 33. Katazo alilolishika liko hata leo. Roma ililitangaza tena mwaka 1983.

Mwaka 1890, Kaisari akiwa amekwisha kuondolewa, serikali ya Brazil ilitengana na Kanisa, na mawaziri hawakuteua tena maaskofu. Mifupa ya Askofu Vital ilikuwa imekwisha kurudishwa Recife, katika kanisa la Wakapusini la Bikira Maria wa Penha.