John Browning: fundi wa Ogden ambaye bastola yake bado inapimwa

Msikilizaji wetu, ukitaja bunduki huku Nyabusozi, mzee atakumbuka gobore la babu lililotundikwa nyuma ya mlango. Kijana wa miaka thelathini na kitu kama sisi atakumbuka mabasi. Tulikuwa wadogo, basi linasimamishwa barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo, tunasubiri magari mengine yafike, askari wanapanda na silaha zao, ndipo msafara unaondoka. Abiria wote kimya mpaka msitu uishe.

Bastola ni habari nyingine. Wengi wetu tumeiona kiunoni mwa ofisa wa polisi au kwenye filamu, basi. Sisi tunaoandika hapa hatujawahi kufyatua hata moja, tuseme ukweli. Lakini iko bastola moja ya mtindo wa zamani, inaitwa 1911 kwa sababu ya mwaka ilipopokelewa jeshini, ambayo mpaka leo inatengenezwa na viwanda vya nchi kadhaa. Zile za bei nafuu zinanunuliwa sana na watu wa kulenga shabaha uwanjani, na kila mara swali lao ni moja: hii ya bei ya chini inafanya kazi kama ile ya asili? Aliyeibuni amekufa karibu miaka mia moja iliyopita. Namna ya kulijibu swali hilo ni yake pia.

John Moses Browning alizaliwa tarehe 23 Januari 1855 katika mji mdogo wa Ogden, jimbo la Utah, magharibi mwa Marekani. Baba yake, Jonathan, alikuwa fundi bunduki na muumini wa kanisa la Mormoni, ambalo wakati huo liliruhusu mwanamume kuoa wake wengi. Mzee huyo alikuwa na wake watatu na watoto 22. Karakana yake ilikuwa ya kila kitu: leo bunduki ya mwindaji, kesho jembe la jirani. John alikulia humo, kwenye rundo la vyuma chakavu.

Alipokuwa na miaka 10 hivi aliokota mtutu wa bunduki mbovu, akaufunga kwenye kipande cha ubao, akatoka na mdogo wake Matthew kwenda kuwinda ndege. Na ndege walipatikana. Baba alipoikagua ile bunduki hakutoa sifa. Aliona kijana wa umri ule angeweza kufanya kazi iliyo safi zaidi. Mafundi wetu wa mtaani wanaijua lugha hiyo, ndivyo wengi walivyofundishwa.

Shule hakwenda mbali. Uhandisi hakuusomea popote. Alikuwa akiwaza kifaa kichwani, halafu anakata chuma, anajaza, anapiga tupa, anajaribu, anarudia. Mwaka 1879 ulikuwa mzito kwake: baba yake alifariki, yeye alioa, na tarehe 7 Oktoba akapata hataza yake ya kwanza, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi asiibiwe kazi yake. Ilikuwa bunduki ndefu ya risasi moja moja. Yeye na ndugu zake wakaanza kuzitengeneza wenyewe kwa mashine chache walizokuwa nazo.

Mwaka 1883 bunduki moja kati ya hizo iliangukia mikononi mwa mtu wa kampuni ya Winchester. Mkubwa wa kampuni alisafiri mpaka Ogden, na akakuta karakana ya vijana badala ya kiwanda. Alinunua haki za ile bunduki kwa dola 8,000, pesa nyingi sana kwa enzi hizo. Tangu hapo, kwa karibu miaka 20, Browning alikuwa anabuni na Winchester inanunua. Kampuni ilinunua hata michoro ambayo haikuitengeneza kabisa, ili tu isiende kwa mshindani.

Sasa tufike penye kiini. Mwaka 1889 Browning alikuwa akitazama watu wakilenga shabaha karibu na majani marefu. Akaona kila bunduki inapolia, majani yanalala kama yamepigwa na upepo. Wengine waliokuwepo walikuwa wakiangalia shabaha. Yeye aliona nguvu inayopotea bure. Akajiuliza kwa nini nguvu hiyo isifanye kazi ya mkono: kutoa ganda lililokwisha na kuingiza risasi nyingine. Siku iliyofuata alikuwa karakanani akijaribu wazo hilo, na humo ndimo ilimotoka bunduki yake ya kwanza ya rashasha.

Kwenye bastola alitumia nguvu ya msukumo wa kurudi nyuma. Tueleze taratibu. Risasi inapotoka, mtutu na kile kipande kirefu cha chuma kilicho juu yake vinarudi nyuma vikiwa vimeshikana, kwa umbali mdogo sana. Kisha mtutu unashuka kidogo na kukiachia kile kipande. Chenyewe kinaendelea kurudi, ganda linarushwa nje, springi inakisukuma mbele tena, nacho njiani kinasomba risasi mpya kutoka kwenye kasha lililo ndani ya mpini. Yote haya ni kufumba na kufumbua, na kidole kinatakiwa kuvutwa upya kwa kila risasi. Bastola nyingi unazoziona leo, hata zenye mwili wa plastiki, bado zinafuata mpango huu au ndugu yake.

Jeshi la Marekani lilihitaji bastola mpya baada ya vita vyake vya Ufilipino, ambako askari walilalamika kwamba bastola walizokuwa nazo zilikuwa dhaifu. Likataka risasi nene, milimita 11 na ushee. Machi 1911 bastola ya Browning, iliyotengenezwa na kampuni ya Colt, ilishindanishwa na ile ya kampuni ya Savage. Kila moja ilifyatua risasi 6,000. Kila baada ya risasi 100 iliachwa ipoe dakika tano, kila baada ya 1,000 ilisafishwa na kutiwa mafuta. Zilipewa risasi zilizopondeka, zikatiwa kutu, zikatumbukizwa kwenye uchafu. Ile ya Savage ilipata hitilafu 37. Ya Browning haikupata hata moja. Tarehe 29 Machi 1911 ikapokelewa, na ikabaki bastola ya kawaida ya jeshi hilo mpaka mwaka 1985.

Kwa hiyo ukimsikia mtu wa uwanja wa shabaha akibishana juu ya nakala ya bei nafuu, anarudia mtihani ule kwa kipimo kidogo. Hataza za Browning ziliisha zamani, kila kiwanda kinaruhusiwa kuiga. Wanaoiga sana kwa bei ya chini ni Waturuki na, ajabu ya historia, Wafilipino: kiwanda cha Armscor cha Marikina kinatengeneza 1911 zinazouzwa Marekani karibu nusu ya bei ya zile za Colt.

Punguzo hilo linatoka wapi? Mwili wa chuma unamiminwa kwenye kalibu badala ya kufuliwa. Vipande vidogo vya ndani navyo vinaundwa kwa kalibu. Rangi ya juu ni ya kawaida, haing'arishwi kwa mkono. Hayo hayamsumbui sana mlengaji. Yanayomsumbua ni mengine. Anapima kifyatulio kwanza: cha 1911 kinateleza moja kwa moja kwenda nyuma, hakizunguki kwenye pini, na hiyo ndiyo sababu kubwa walengaji wanaipenda mpaka leo. Kama kinakwaruza au ni kizito mno, mkono unatikisika. Anaangalia kilengeo, maana vile vya asili vilikuwa vidogo kiasi cha kumchosha mtu mwenye macho mazima, na nakala nyingi za sasa zimekirekebisha. Halafu anafyatua risasi tano kutoka kwenye egemeo, umbali wa mita 23 hivi, na kupima kwa rula upana wa matundu. Yakifunikwa na kiganja, kwa bei ile haina neno.

Na bado hajamaliza. Anatakiwa afyatue mamia, kwa risasi za aina mbalimbali na makasha tofauti, kwa sababu bastola inayokwama mara nyingi haina ugonjwa yenyewe, ugonjwa uko kwenye kasha. Iko hoja nyingine inayowachanganya wanunuzi. Ukiitikisa 1911 ya kijeshi utasikia inalegea kidogo. Mtu atasema ni mbovu. Kumbe ule ulegevu uliachwa makusudi ili mchanga na masizi yapate nafasi na bastola isikwame. Iliyobanwa sana inapiga mahali pamoja zaidi, lakini haivumilii uchafu. Kwa uwanja safi uliobanwa ni mzuri, kwa vumbi la barabara ya Rulenge tungechagua uliolegea. Hapo tunasema kama watazamaji tu. Kwetu Tanzania silaha yoyote, hata lile gobore la kurithi, inahitaji leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na aliyenalo bila karatasi anatakiwa kulifikisha polisi.

Turudi kwa mzee. Mwaka 1902 aligombana na Winchester juu ya malipo ya bunduki yake mpya ya kuwindia ndege. Alitaka alipwe kwa kila bunduki itakayouzwa, wao walitaka kununua mara moja kama kawaida. Akaenda kampuni ya Remington. Akiwa amekaa nje ya ofisi akisubiri kuitwa, akaambiwa mkubwa wa kampuni amefariki kwa moyo. Akapanda meli kwenda Ubelgiji, kiwanda cha FN cha Herstal karibu na mji wa Liège, ambacho kilikwisha kuanza kutengeneza bastola zake. Huko jina lake lilipata umaarufu mpaka kwa Kifaransa neno browning likawa na maana ya bastola yoyote.

Bastola moja ya FN, aina ya mwaka 1910, ilifika Sarajevo. Tarehe 28 Juni 1914 kijana wa miaka 19, Gavrilo Princip, aliitumia kumuua mrithi wa ufalme wa Austria, Franz Ferdinand, pamoja na mkewe Sophie. Ilifanya kazi bila kukwama. Wiki chache baadaye Wajerumani waliingia Ubelgiji na kuuteka mji wa Liège, na kiwanda kilichoitengeneza kikawa mikononi mwao. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa na kuishambulia Bukoba. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo yalipita Rwanda, yakavuka kuja kwetu na kuichukua boma ya Wajerumani ya Biharamulo. Wanaume wa vijiji vya huku walibebeshwa mizigo ya watu waliokuwa wakigombania mambo ya Ulaya.

Hatusemi Browning alileta vita. Sababu zake zilikuwa nyingi na za muda mrefu, na Princip angepata bastola nyingine. Lakini katika mtihani wa risasi 6,000 hakuna sehemu inayopima nani ataishika. Sisi wa Ngara tulioona watu zaidi ya 200,000 wakivuka daraja la Rusumo kwa siku moja hivi Aprili 1994, na silaha zilizobaki vichakani miaka iliyofuata, hatuwezi kusoma habari ya fundi huyu na kuishia kwenye springi na vifyatulio.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Browning aliipa serikali haki za bunduki zake tatu kwa dola 750,000, wakati malipo ya kawaida ya kila bunduki yangemletea mamilioni. Alikubali bila kubishana. Katika jaribio la rashasha yake, bunduki moja ilifyatua mfululizo kwa dakika 48.

Kwa jumla alipata hataza 128. Tarehe 26 Novemba 1926, akiwa na miaka 71, alikuwa kiwandani Herstal akiwa kazini. Akajisikia vibaya, akaingia ofisini kwa mwanawe Val kujinyoosha, na moyo ukasimama humo humo. Mwili ulirudishwa Ogden.

Bastola yake ya mwisho aliiacha nusu. Mbelgiji Dieudonné Saive aliimalizia, ikatoka mwaka 1935 ikibeba risasi 13 badala ya 7 za ile ya 1911. Vita vya pili vilipokuja, Wajerumani waliendelea kuitengeneza Herstal kwa ajili ya askari wao, na kampuni ya Inglis ya Toronto, Kanada, ikaitengeneza kwa ajili ya waliokuwa wakipigana nao.