Shaaban Robert: Dai Moja, Hoja Sita

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, reli ilijengwa kutoka Voi kupitia Taveta, na mwaka 1916 ikaunganishwa na reli ya Tanga huko Kahe. Hivyo nyika ya Voi na Mraru ikawa katika njia moja na pwani ya Tanga. Mwaka huo, katika kijiji cha Vibambani kusini mwa Tanga, Shaaban bin Robert alikuwa mtoto wa miaka saba. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909. Mwanafunzi wa Taita Taveta anayetafuta kielelezo cha namna dai linavyojengewa hoja hana haja ya kwenda mbali. Jirani yake wa Tanga alikwisha kumwandalia.

Shaaban Robert alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa kuwa karani wa forodha. Baadaye alifanya kazi katika Idara ya Wanyama, ofisi ya serikali ya Tanga na Idara ya Upimaji. Katika forodha, tamko la mwenye mzigo huweza kupimwa kwa kuikagua shehena yenyewe. Maandishi yake nayo yalizingatia kanuni kama hiyo: kila tamko lilidai ushahidi.

Kanuni hiyo hudhihirika zaidi katika Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951, wakati mwandishi akiwa bado mtumishi wa serikali ya kikoloni. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Angaliweza kulalamika tu kwamba nchi yake ina dhuluma. Badala yake anashika dai moja, kwamba Kusadikika huwaadhibu watumishi wake wema na kujinyima faida ya utumishi wao, kisha analithibitisha kwa habari za wajumbe sita. Wanne walipelekwa pande nne za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini. Kila mmoja alirudi na jambo la manufaa. Kila mmoja aliishia kifungoni.

Hoja hizo sita si marudio matupu. Kufungwa kwa mjumbe mmoja kungeweza kuitwa bahati mbaya. Kufungwa kwa sita ni desturi ya utawala. Aidha, baada ya mbingu na ardhi kutajwa, hakuna upande uliobaki ambao mshtaki angeweza kuukimbilia. Zaidi ya hayo, kila habari humrudisha msikilizaji kwenye shtaka: wajumbe waliangamia kwa sababu hapakuwa na sheria ya kuwakinga, na sheria ndiyo Karama aliyoifundisha. Mwishowe Karama anaachiliwa huru.

Mwaka 1954 Shaaban Robert alitoa Kielezo cha Insha, na mwaka 1959 Insha na Mashairi. Kati ya vitabu hivyo, mwaka 1958, ulitoka Wasifu wa Siti Binti Saad, na hapo pia dai hutangulia hoja: heshima ya mtu haitokani na nasaba yake. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa kitumwa, akauza vyungu, kisha akawa mwimbaji ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Mambo hayo yakipangwa kwa tarehe pekee huwa ni orodha ya matukio. Katika wasifu huo, ufukara wa utotoni hautajwi ili msomaji aone huruma. Ni kipimo cha umbali ambao Siti aliuvuka kwa juhudi yake. Tukio lilelile limegeuka kuwa hoja kwa sababu lina kazi ya kufanya.

Hapo ndipo insha nyingi za fasihi huanguka. Mtahini huulizia dhuluma katika riwaya, na mtahiniwa husimulia riwaya nzima, akitumaini kwamba dhuluma itajionyesha yenyewe. Karama hakuthubutu kutumaini hivyo, kwa kuwa kilichokuwa mizani ni roho yake.

Shaaban Robert alifariki mwezi Juni 1962, miezi sita baada ya Tanganyika kupata uhuru. Baadhi ya vitabu vyake havikupata mchapishaji katika uhai wake; Kufikirika, alichokiandika mwaka 1946, kilichapishwa 1967. Vilipowafikia wasomaji, mwandishi hakuwapo kuvitetea. Vilijitetea kwa hoja zilizokuwamo.